Maoni mabaya ya abiria wa meli za kitalii: yapi ya kuyapa uzito, yapi ya kuyapita

Fungua maoni ya abiria wa meli yoyote kubwa inayotoka Miami, Galveston au Barcelona, utakuta malalamiko yale yale: foleni ya lifti, chakula kilichopoa, bandari iliyorukwa, bili ya mwisho iliyokuja nene kuliko nauli. Ukiyaogopa yote, hutapanda meli maishani. Ukiyapuuza yote, utalala siku saba chini ya viti vya bwawa vinavyoburutwa saa kumi na moja alfajiri, na hutakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu kuna mtu aliliandika jambo hilo kabla hujalipa.

Kipimo tunachotumia ni kimoja. Jambo linalolalamikiwa limekaa kwenye chuma, kwenye karatasi, au kwenye wiki ile tu? Chuma ni umbo la meli, mahali kilipo chumba, injini na mabomba. Karatasi ni mkataba wa tiketi, ratiba ya bandari na masharti ya malipo. Hayo mawili yatakukuta na wewe. Mhudumu aliyenuna, mvua ya siku mbili na jirani mlevi vilikuwa vya wiki ile, na vimeshuka bandarini pamoja na aliyeviandika. Nyota ngapi kati ya tano hazisaidii kitu hapa, maana nyota huchanganya vyote katika chungu kimoja.

Msongamano unapimika

Huhitaji kumwamini mtu yeyote kuhusu msongamano. Chukua tani za ujazo za meli, zile zinazoandikwa GT, ambazo hupima nafasi ya ndani na wala si uzito. Zigawe kwa idadi ya abiria ikihesabiwa wawili kwa kila chumba. Queen Mary 2 ina GT 149,215 kwa abiria 2,691, sawa na 55. Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024, ina GT 248,663 kwa abiria 5,610, sawa na 44. MSC Meraviglia ina GT 171,598 kwa abiria 4,488, sawa na 38. Kwa macho yetu, juu ya 45 mtu anapumua. Chini ya 35 jiandae kwa foleni ya mayai asubuhi.

Lakini hesabu hiyo ina mtego. Vyumba vingi vina kitanda cha tatu na cha nne, na wakati wa likizo za shule vyote hujaa watoto. Icon ikijaa hadi ukomo wake wa abiria 7,600, ile 44 inashuka hadi karibu 33. Ndiyo maana aliyeandika Julai kwamba meli ilikuwa kama soko la Kariakoo mkesha wa sikukuu, na aliyeandika mapema Desemba kwamba alipata kiti cha bwawa wakati wowote, wote wawili wanasema kweli kuhusu meli ile ile. Kwanza tazama tarehe ya safari, si tarehe maoni yalipoandikwa. Kisha tazama urefu wake. Safari ya usiku tatu au nne kutoka Miami hubeba watu wa sherehe, ile ya usiku saba hubeba familia, na ya siku 14 hubeba wastaafu. Lalamiko la muziki na ulevi kutoka safari ya usiku tatu halikuhusu ukinunua ya siku 14.

Chumba

Hapa ndipo maoni mabaya yanapolipa. Kampuni huuza vyumba kwa makundi: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, chenye roshani, na vile vikubwa vya bei kali. Ndani ya kundi moja bei hukaribiana, ila usingizi haukaribiani hata kidogo. Mtu akilalamikia kelele, tafuta kama ametaja namba ya chumba. Akitaja, fungua ramani ya sitaha za meli hiyo, ambayo kampuni huiweka wazi kwenye tovuti yake, uangalie kilicho juu ya chumba hicho, kilicho chini yake na kilicho ukutani.

Juu kukiwa na bwawa, wafanyakazi watapanga viti kabla hakujapambazuka. Juu kukiwa na jiko la bafe, utasikia magurudumu ya matoroli. Chini kukiwa na ukumbi wa maonyesho au klabu, besi hupanda kwenye chuma hadi saa saba usiku. Chumba kilichobanwa kati ya sitaha mbili za vyumba ndicho tulivu kuliko vyote, hata kama ni cha ndani na cha bei ya chini. Ukutani chunga mlango unaounganisha vyumba viwili. Ni mwembamba kuliko ukuta na hupitisha maongezi ya jirani neno kwa neno. Kwenye ramani huonyeshwa kwa alama ndogo kati ya namba mbili.

Vyumba vya omo, yaani mbele ya meli, vina karaha yake. Meli inapoegesha asubuhi huendesha rafadha (mapanga ya kusukuma meli) za pembeni zilizo karibu na omo, na mtikisiko wake huamsha watu. Ikitia nanga, mnyororo ndio saa ya kengele. Vyumba vya tezi, yaani nyuma, hupata mtetemo wa rafadha kuu. Kuhusu kulevywa na bahari, meli ikikata mawimbi ncha mbili ndizo zinazopanda na kushuka, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Anayeogopa achukue chumba cha katikati, sitaha ya chini. Anayeujua mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi asipime kwa uzoefu huo, kwa sababu boti ya mwendo kasi na meli ya tani laki mbili hazichezi ngoma moja. Aliyetapika siku nzima kwenye sitaha ya 14 omoni amekupa habari za sitaha ya 14 omoni, basi.

Roshani nazo si sawa. Kwenye meli za aina ya Oasis za Royal Caribbean kuna roshani zinazotazama ndani, juu ya bustani au uwanja wa michezo wa meli, na nyingi hazioni bahari ng'o. Kwenye meli nyingine dirisha huzibwa na boti za uokoaji. Wanaolalamika kwamba walidanganywa mara nyingi hawakusoma aina ya chumba, lakini lalamiko lao linakufaa wewe unayesoma kabla ya kulipa. Ipo pia nauli ya bei ya chini ambayo kampuni ndiyo hukuchagulia chumba siku za mwisho. Ukiinunua, maoni yote mabaya kuhusu vyumba vya meli hiyo yanakuhusu, kwa kuwa chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa chako.

Mabomba yanataka jicho la kuhesabu. Vyoo vya meli hufyonza kwa nguvu ya hewa, na vyumba kadhaa hutegemea bomba moja. Mtu mmoja akitupa kitambaa cha kupangusia, mstari mzima unakwama. Lalamiko moja la choo ni la kupita. Malalamiko manne ya wiki tofauti, kutoka vyumba vya namba zinazokaribiana, ni bomba bovu, na usichukue chumba upande huo. Kiyoyozi hivyo hivyo.

Lalamiko la thamani kuliko yote huandikwa na watu wasiojua wamelalamikia nini. Wanasema tu kwamba walichelewa kufika bandarini, wakaondoka mapema, na bandari moja ikafutwa. Ukiyaona hayo wiki baada ya wiki huku anga likiwa shwari, shuku injini. Meli nyingi kubwa za leo husukumwa na mota zilizo ndani ya maganda yanayoning'inia chini ya tezi, na matengenezo makubwa ya maganda hayo mara nyingi husubiri meli ipandishwe chelezoni, mahali pakavu pa kutengenezea meli. Hadi hapo hutembea taratibu na ratiba hukatwa. Hili peke yake linatosha kukufanya uchague meli nyingine.

Chelezo ndiyo pia inayofuta maoni ya zamani. Kanuni za kimataifa hutaka sehemu ya chini ya meli ya abiria ikaguliwe kwa nje angalau mara mbili katika kila miaka mitano, na kampuni hutumia nafasi hiyo kubadilisha mazulia, magodoro na mabomba. Tafuta mwezi meli ilipotoka chelezoni mara ya mwisho. Malalamiko ya uchakavu ya kabla ya hapo yameisha muda. Malalamiko ya intaneti ya kabla ya 2023 nayo yamezeeka, kwa kuwa kampuni za Royal Caribbean na Carnival zimefunga mitambo ya Starlink, intaneti ya setilaiti, tangu wakati huo.

Majina hubadilika pia. Carnival Triumph iliungua chumba cha injini Februari 2013 na kuelea siku kadhaa Ghuba ya Meksiko bila vyoo vya kutosha, na habari zake hazijasahaulika. Meli hiyo ilikarabatiwa kwa fedha nyingi na tangu 2019 inaitwa Carnival Sunrise. Hadithi za 2013 hazina la kukuambia kuhusu kitanda chake cha leo. Upande wa pili, Carnival Adventure inayotoka Sydney ilipata jina hilo 2025, ila ni Golden Princess ya 2001 iliyopitia jina la Pacific Adventure katikati. Usidhani jina jipya ni meli mpya. Tazama mwaka wa kujengwa.

Bandari na anga

Bandari iliyorukwa huleta hasira kuliko kitu kingine, na hasira hiyo kwa sehemu kubwa haina msingi. Grand Cayman, kisiwa cha Karibi, haina gati la meli kubwa. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, na mawimbi yakipanda kidogo nahodha hupita. Santorini ya Ugiriki ni hivyo hivyo, na ukishafika chini ya jabali bado kuna foleni ya gari la kamba linalopanda juu, au ngazi zaidi ya 500. Ukiona ratiba yenye bandari ya boti, ihesabu kama nusu bandari. Kimbunga katika Atlantiki kina msimu wake, 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni Agosti hadi Oktoba. Aliyenunua Septemba kwa bei ya chini kisha akalalamika kwamba meli ilielekezwa kwingine, alilipia nauli ya Septemba.

Galveston tunaitaja kwa makusudi, kwa kuwa Waswahili wengi wa Houston na Dallas huanzia hapo. Ukungu wa Januari na Februari hufunga mlango wa bandari kwa saa kadhaa, wakati mwingine zaidi, na meli hubaki nje. Maoni mabaya ya miezi hiyo yasikuzuie kwenda. Yakufunze tu usikate tiketi ya ndege ya mchana siku ya kurudi, na ufike siku moja kabla.

Kuna lalamiko jingine la bandari linalostahili kusikilizwa: majina ya matangazo. "Roma" ni Civitavecchia, karibu kilomita 80 kutoka mjini. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200. "Venice" tangu Agosti 2021 haina tena meli zinazozidi GT 25,000 katika mfereji wa Giudecca, kwa hiyo nyingi huegesha Marghera, Ravenna au Trieste. Soma saa za kufika na kuondoka, toa saa mbili za kushuka na kurudi melini, toa na za basi, kisha uone kilichobaki kama kinatosha hata kula aiskrimu.

Karatasi

Mkataba wa tiketi huipa kampuni haki ya kubadili au kufuta bandari bila fidia. Kwa kawaida unachorudishiwa ni ushuru wa bandari hiyo tu. Anayeandika "tutawashtaki" hajausoma. Mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi dhidi ya Carnival kwamba abiria waliotoka jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi, walifungwa na kifungu cha tiketi kinachotaka kesi ipelekwe Florida. Mikataba mingi hutaka madai ya majeraha yaandikwe ndani ya miezi sita na kesi ifunguliwe ndani ya mwaka mmoja. Kinga moja ipo: kwa meli zinazopakia bandari za Marekani, safari ikifutwa au kupanda kukicheleweshwa siku tatu au zaidi, kanuni iliyoanza 2022 inakupa haki ya kurudishiwa pesa zote.

Malalamiko ya bili ni ya kuaminika karibu kila mara, ila hayakupaswa kumshangaza mtu. Bakshishi ya kila siku kwenye kampuni kubwa za Marekani ni kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu, mtoto naye akihesabiwa. Kwa dola 18.50, watu wawili, usiku saba, ni dola 259. Kila kinywaji huongezwa asilimia 18 au 20. Kifurushi cha vinywaji kwenye Royal Caribbean, mtu mzima mmoja akikinunua, watu wazima wengine wa chumba hicho nao hutakiwa kukinunua, hata kama mwenzako hanywi kitu zaidi ya chai. Asafiriye peke yake hulipia mara nyingi kama wawili. Weka vyote kwenye karatasi pamoja na intaneti, maegesho na safari za nchi kavu, halafu linganisha na hoteli.

Viza ndiyo pengo kubwa la maoni hayo. Wengi wanaoandika ni raia wa Marekani au wa Ulaya, na kwao karatasi si suala. Raia wa Marekani anayetoka na kurudi bandari ile ile anaweza kupanda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo hawezi. Safari ya Mediterania inayogusa Uturuki, Montenegro, Albania au Tunisia hutoka nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Kroatia iliingia Schengen 1 Januari 2023, kwa hiyo ushauri wa viza wa kabla ya hapo umepitwa. Mkimbizi aliyeko Marekani anahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi kabla ya kupanda, na mwenye ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa asitoke bila kuongea na wakili, kwa maana safari ya siku nne kwenda Cozumel, Meksiko, ni kutoka nje ya nchi kama safari nyingine yoyote. Anayekataliwa kupanda kwa sababu ya karatasi harudishiwi nauli.

Magonjwa ya tumbo yana kipimo nje ya maoni. Kitengo cha usafi wa meli cha CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, hukagua bila taarifa meli zinazofika bandari za Marekani kutoka nje, hutoa alama kati ya 100, na 85 kushuka chini ni kufeli. Ripoti ziko wazi mtandaoni pamoja na makosa yaliyoonekana jikoni. Mlipuko hutangazwa wagonjwa wakifika asilimia 3 ya abiria au ya wafanyakazi; kwa abiria 3,000 hao ni watu 90. Meli iliyotangazwa mara moja miaka miwili iliyopita haina kasoro ya kudumu, kwa kuwa norovirusi, virusi vya kutapika na kuharisha, huletwa na abiria wenyewe. Iliyofeli ukaguzi kwa chakula kilichohifadhiwa kwenye joto lisilofaa ni jambo jingine. Na dawa ya kupulizia mikono haiui norovirusi vizuri. Nawa kwa sabuni na maji kabla ya kushika kijiko cha bafe.

Chakula chenyewe? Pita. Ladha haina hakimu, na anayelinganisha bafe ya watu elfu tano na jiko la mama yake ameshashindwa kesi. Ila anayetaka halali asome maoni ya Waislamu waliopanda meli hiyo hiyo kwenye njia hiyo hiyo, kisha aiulize kampuni kwa maandishi kabla ya kulipa, kwa sababu huduma ya meli iliyoko Ghuba na ya meli iliyoko Karibi haifanani hata kwa kampuni moja.

Sifa nazo zichujwe. Maoni yenye majina ya wahudumu watatu na nyota tano mara nyingi ni shukrani kwa wahudumu, na wanastahili, lakini hayasemi lolote kuhusu godoro. Wateja wa miaka ishirini wa kampuni moja hulalamikia kilichoondolewa: chokoleti iliyowekwa juu ya mto wa kitanda, kamba wa bure, usiku wa suti. Kwa mpandaji wa mara ya kwanza hilo si hasara. Tunaowaamini zaidi ni wa nyota tatu, wanaotaja namba ya chumba, saa na bei.

Kwa utaratibu, soma maoni ishirini hivi ya miezi sita ya mwisho, ya safari zenye urefu na msimu kama wako. Andika kando tu yale ya chuma na karatasi. Jambo likijitokeza mara tatu kutoka wiki tofauti, lishughulikie: badili chumba, badili mwezi, au badili meli. Kisha weka nafasi kwa malipo ya awali yanayorudishwa, hata kama ni ghali kidogo kuliko yale yasiyorudishwa. Salio kwa kawaida hudaiwa siku 75 hadi 90 kabla ya kuondoka, kwa safari ndefu hata 120, na baada ya hapo faini ya kufuta hupanda kwa hatua hadi nauli yote. Wiki moja kabla ya tarehe hiyo, rudi usome maoni ya mwezi uliopita tu. Kama meli imeanza kuchelewa bandarini, piga simu kwa wakala siku hiyo hiyo.